Mshale Ukilala Kwenye C

Hotuba kwa wahitimu wa fani ya ufundi magari, Njombe

Kamwene!

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka mbali na baridi hii, na ninyi vijana wangu mnaohitimu leo, nawasalimu nyote.

Naomba radhi kwa jiko la mkaa nililoliweka mbele ya meza kuu. Ruhusa niliomba. Kwenye sufuria kuna maji ya bomba, na ndani yake nimening'iniza kwa uzi wa kushonea themostati mbili, vile vifaa vyenye mlango unaofungua na kufunga njia ya maji ya injini kwenda rejeta. Ya kulia nimeifungua mlango kwa bisibisi, nikapitisha uzi, nikauachia ukabana. Kwa hiyo themostati hii imeung'ata uzi kwa mlango wake yenyewe. Ya kushoto ilishindwa kung'ata, ikabidi niifunge fundo. Kijana wetu hapa ameshika kipimajoto na atatutajia nyuzi kila zinapopanda. Maji yapate moto taratibu, sisi tuzungumze.

Niliombwa nichague jambo moja la kazi niwaachie. Nimechagua mshale wa joto unaolala chini kwenye herufi C, yaani baridi, hasa kwenye magari ya zamani, maana ndiyo mtakayoyatengeneza zaidi huku kwetu.

Gari likichemsha, kila mtu analiona. Mvuke unapanda, abiria wanashuka, dereva anakimbia na dumu kutafuta maji. Lakini mshale ukilala kwenye C kutoka Njombe hadi Makambako na kurudi, dereva anafurahi. Anasema injini yake haipati moto, nzima kabisa, na anamsifia fundi wake kijiweni. Mara nyingi fundi huyo ndiye aliyeuleta ugonjwa.

Nami nilikuwa fundi wa namna hiyo, na nalisema mbele ya wazazi wenu. Miaka ya tisini, mteja akija na gari linalochemsha, kitu cha kwanza tulichofanya ni kung'oa themostati. Nyuma ya gereji tulikuwa na debe limejaa. Tulimwambia mteja kwamba kile ni kifaa cha Ulaya, kwao kuna barafu, Afrika hakihitajiki. Hatukupima hata moja. Rejeta iliyoziba tuliiacha imeziba, mfuniko wa rejeta usioshika presha tukaurudishia, mkanda wa feni uliolegea tukautazama tu. Mteja aliondoka mshale umeshuka, akashukuru, akalipa.

Ndipo wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na malalamiko ambayo hatukuyaunganisha na ile kazi. Huyu anasema dizeli inaisha haraka. Huyu gari linatoa moshi mweupe asubuhi mpaka jua linapanda, na linagonga kama limepakiwa mawe. Mwingine nilifungua mfuniko wa kuwekea oili nikakuta upande wa ndani umejaa ute kama uji uliotiwa maziwa. Nikamwambia hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekufa na maji yanaingia kwenye oili. Tukafungua hedi. Gasketi ilikuwa nzima. Yule mzee alilipa kazi ya siku mbili kwa sababu ya kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekitupa kwenye debe miezi minane kabla.

Ule ute ulitoka wapi? Mafuta yakiungua yanatoa maji, mvuke, na sehemu yake hupenya pembeni ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Injini yenye joto lake kamili huufukuza mvuke huo nje. Injini inayokimbia ikiwa baridi, hasa kwa safari fupi fupi za mjini, haiwezi, na mvuke unageuka maji yanayokorogana na oili. Pamoja nayo inashuka petroli au dizeli ambayo haikuungua, inaiosha oili ukutani mwa silinda. Ringi zinasugua chuma kikavu. Hiyo injini inakula oili mapema, inapoteza nguvu mapema, na mwenye gari hajawahi kuona mshale ukipanda hata siku moja. Ndiyo maana nasema ugonjwa huu unaumiza kimyakimya.

Kuna jambo jingine ambalo tulilijua kwa kuchelewa. Kwenye injini nyingi, zikiwemo za Toyota, themostati ina sahani mbili. Ya kwanza inafungua njia ya kwenda rejeta. Ya pili, ile ndogo ya chini, wakati huohuo inaziba njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Barabara ya tambarare na baridi ya asubuhi, mshale unalala. Gari likipakia viazi na kupanda mlima, sehemu kubwa ya maji moto inajizungukia yenyewe humo ndani na injini inachemsha kuliko mwanzo. Mnaona? Fundi ameondoa kifaa ili gari lisichemshe, na kwa kukiondoa amelifanya lichemshe pale hasa linapohitaji kupoa.

Nyuzi ngapi sasa? Hamsini na nane. Asante, endelea.

Sasa gari limekuja, mshale umelala. Msikimbilie spana. Kaeni na dereva kwanza. Mshale umelala tangu lini? Ulishuka ghafla au taratibu? Kuna mtu aligusa chochote wiki ile? Ukisikia kwamba gari lilitoka kwa fundi mwingine siku mbili kabla, nusu ya jibu unalo. Halafu jiulize: injini hii ni baridi kweli, au mshale unadanganya? Kila kipimo nitakachowatajia kinajibu swali hilo. Ukianza kununua spea kabla hujalijibu, unacheza kamari na fedha ya mtu.

Na kabla ya vipimo vyote, injini ikiwa imepoa, fungua mfuniko wa rejeta uone maji. Kwa macho yako, kwenye rejeta yenyewe. Usitosheke na kutazama kichupa cha pembeni.

Nawaambia kwa nini nalisisitiza hili. Kijana mmoja wa hapa mjini alikuwa akipeleka viazi Dar es Salaam kwa pikapu. Safari ya kurudi, akiupanda mlima Kitonga, mpira wa chini wa rejeta ulichanika. Maji yakamwagika barabarani nyuma yake bila yeye kujua. Mshale uliokuwa umepanda kidogo kwa sababu ya mlima ukashuka, ukalala kabisa. Alinisimulia mwenyewe kwamba alimshukuru Mungu, akasema gari limepata upepo limepoa, akaongeza mwendo. Hakufika juu. Nilipoifungua injini ile hedi ilikuwa imepinda na kupasuka kati ya valvu, na pistoni mbili zimeshika ukutani.

Senda ya joto, ile iliyofungwa kwenye injini na kupeleka habari kwenye mshale, imetengenezwa ioge kwenye maji. Inapima maji yanayoigusa. Maji yakiondoka, inabaki kwenye hewa na mvuke, nayo hewa haiipi joto kama maji. Chuma kinaungua na mshale unasema baridi. Kwa hiyo mshale ulioshuka ghafla gari likiwa mlimani na mzigo ni habari ya hatari. Dereva apaki pembeni na azime. Wala asifungue mfuniko hapo hapo, atababuka uso. Wafundisheni madereva hili mnapowakabidhi funguo, kila mara, hata wakiwaona mnajirudia.

Maji yakiwa yamejaa, tuendelee. Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji chombo. Gari lije asubuhi, likiwa halijawashwa tangu jana. Liwashe, uweke mkono kwenye mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta, mbali na feni na mikanda. Themostati ikiwa nzima, mpira unabaki baridi dakika kadhaa huku injini yenyewe ikipata moto. Halafu ghafla, ndani ya muda mfupi tu, unaupata moto mkononi mpaka unauachia. Ndipo mlango umefunguka. Lakini mpira ukianza kuwa vuguvugu tangu dakika ya kwanza na kupanda polepole pamoja na injini, basi maji yanapita tangu mwanzo. Themostati imekwama wazi, au haipo. Kuna injini ambazo themostati imekaa upande wa mpira wa chini. Huko utashika wa chini. Tafuta kwanza kifaa kimekaa wapi.

Hita ya ndani nayo ni shahidi mzuri, kama gari linayo na inafanya kazi. Baada ya mwendo wa nusu saa, ikipuliza upepo wa moto mkali huku mshale umelala, mtuhumu mshale. Ikipuliza vuguvugu, mwamini mshale. Ila hita nayo hukosa maji yakipungua, ikapuliza baridi injini ikiungua, ndiyo maana nimetanguliza maji.

Siku hizi kuna kile kipimajoto cha kuelekeza, chenye kitaa chekundu. Ni chombo kizuri, kinunueni. Lakini ukikielekeza kwenye aluminiamu inayong'aa kitakusomea joto la chini kuliko lililopo. Bandika kipande cha utepe mweusi kwenye nyumba ya themostati, au paka rangi nyeusi isiyong'aa, halafu pima hapo. Nimeona vijana wakibadilisha themostati isiyo na ubovu kwa sababu chombo kimesoma sitini kwenye chuma kinachometameta.

Sabini na sita? Sogeeni karibu jamani, wa nyuma simameni. Tazameni uzi wa kulia.

Humo ndani ya themostati kuna kikombe kidogo cha shaba kilichojaa nta. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma kipini, mlango unafunguka dhidi ya springi. Ikipoa, springi inaurudisha. Hakuna umeme wala kompyuta. Hii imegongwa namba 82 ubavuni, yaani ianze kufunguka kwenye nyuzi 82 au karibu yake. Zipo za 76, zipo za 88. Ukikuta mtu amefungiwa ya 76 kwenye injini iliyotakiwa 88, mshale utakaa chini ya mazoea na hakuna kilichoharibika isipokuwa uchaguzi wa fundi.

Themanini na mbili... na tatu... Imedondoka! Mmeisikia ilivyogonga sufuria? Imeuachia uzi. Hii ni nzima, inarudi kwenye gari.

Sasa tazameni ya kushoto. Ilikuwa wazi maji yakiwa baridi kama ya mto. Mlango umekwama kwa kutu na tope, springi haina nguvu ya kuurudisha. Kutu hiyo imetoka kwa mwenye gari aliyejaza maji ya kisima miaka mingi bila kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Watu wengi wanadhani kulanti ni kwa ajili ya barafu tu, na kwa kuwa barafu tunaisikia Kitulo, wanaona haiwahusu. Kazi yake nyingine ni kuzuia kutu, na hiyo inamhusu hata aliyeko Tanga.

Subirini, nina neno moja kuhusu sufuria hii. Vitabu vingi vya Toyota vinataka mlango wa themostati ya 82 uwe umefunguka milimita 8 au zaidi maji yakifika nyuzi 95. Lakini sisi hapa Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Maji ya sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, na hata ungemwaga gunia zima la mkaa hayatapanda zaidi. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam atakifikia kipimo cha kitabu, wewe hutakifikia. Themostati ikifunguka pungufu kidogo maji yakitokota hapa, usiitupe kwa haraka. Kitabu kimeandikwa na mtu wa pwani.

Na mnapofunga mpya, kile kijipini kinachochezacheza pembeni ya sahani kielekee juu, maana ndipo hewa inapotokea. Mpira wake wa kuzungushia usisahaulike. Ukikosekana maji yanapenya pembeni na mshale utaendelea kulala ukiwa na themostati mpya.

Kuna wanaolaumu feni. Feni inayozunguka muda wote ni hasara, ndiyo, lakini themostati ikifunga vizuri maji hayaendi kwenye rejeta, na feni itapuliza rejeta isiyo na joto. Anzeni na themostati. Vilevile lori lenye boksi lililobanwa mbele ya rejeta kuzuia upepo, mnayaona kila siku barabara ya Makambako: dereva amegundua ugonjwa kwa akili yake, akauvika blanketi.

Tuje upande wa pili: injini ina joto sawa, mshale ndio unadanganya. Kwenye magari mengi ya zamani ya Kijapani senda ya mshale ina waya mmoja tu. Mwili wake uliofungwa kwenye injini ndio ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Injini ikiwa baridi ukinzani wa senda ni mkubwa, umeme unapita kidogo, mshale unakaa chini. Injini ikipata moto ukinzani unashuka hadi makumi machache ya ohmu, umeme unapita, mshale unapanda. Sasa fikirini wenyewe: waya ukikatika, umeme unapita kiasi gani? Haupiti. Mshale unasemaje? Baridi. Waya uliokatika na injini baridi vinasema neno moja.

Kipimo chake ni hiki. Chomoa waya kwenye senda, fungua swichi bila kupiga starti, uguse ethi kwa ncha ya waya ule kupitia balbu ndogo ya dashibodi. Balbu inalinda geji, yaani saa yenye mshale, msiiache. Mshale ukipanda kuelekea H, geji ni nzima na waya ni mzima. Lawama inabaki kwenye senda au ethi yake. Usiposogea, fuata waya, fyuzi, na nyuma ya dashibodi. Ila hakikisheni gari ni la mfumo huo, maana magari ya baadaye mshale unaendeshwa na kompyuta na kipimo hiki hakiyahusu.

Ethi ya senda ina adui mmoja mkubwa, nao ni sisi. Fundi anazungushia utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye meno ya skrubu ya senda ili isivuje, anauzungusha mara tano. Senda haigusi tena chuma vizuri. Maji hayavuji, na mshale haupandi. Nimekuta hilo zaidi ya nilivyokuta senda zilizokufa.

Mshale wa mafuta nao ukiwa chini pamoja na wa joto, na tangi unajua limejaa, acha senda zote mbili. Hazikufa zote siku moja. Kwenye Land Rover za zamani kuna kidude nyuma ya geji kinachopunguza umeme wa betri hadi wastani wa volti 10 kwa ajili ya mishale yote miwili. Kikidhoofika, inalala pamoja. Na kwenye matrekta kama Massey Ferguson 135, yaliyojaa mashambani kwetu, geji haina umeme kabisa: kuna mrija mwembamba wa shaba wenye kimiminika, kutoka injini hadi usoni mwa dereva. Ukikunjwa ukapasuka, kimiminika kimetoka, na mshale hautaamka tena. Hapo unabadilisha geji na mrija wake pamoja.

Jambo la mwisho, kwa watakaokutana na injini za petroli za EFI, zinazopimiwa petroli na kompyuta, zile Corolla na Mark II. Humo kuna vifaa viwili: senda ya mshale, na sensa ya waya mbili inayomwambia kompyuta joto la maji. Mshale unaweza kuwa mzima na kompyuta ikadanganywa, au kinyume chake. Kompyuta ikiamini injini ni baridi inamwaga petroli nyingi kama asubuhi ya kuwasha, plagi zinakuwa nyeusi, na giaboksi ya otomatiki inachelewa kuingia gia ya juu. Kwenye Toyota za kizazi kile unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, unafungua swichi, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili: hiyo 22, ni saketi ya sensa ya maji. Lakini themostati iliyokwama wazi haitakupa 22, kwa sababu sensa inasema kweli kwamba maji ni baridi. Hapo mnarudi kwenye mpira na mkono wenu.

Mgeni rasmi, nimeambiwa muda umebaki kidogo, nami nauombea kazi. Nje kwenye uwanja kuna Hilux ya zamani ambayo mwenyewe anasema mshale haujapanda tangu Pasaka. Haijawashwa tangu jana jioni, na sijaigusa. Kijana mmoja akae kwenye usukani, mmoja afungue mfuniko wa rejeta atuonyeshe maji, mmoja ashike mpira wa juu, na wazazi wahesabu dakika. Spana namba 12 ninayo mfukoni, lakini haitatoka mpaka mniambie mpira umesemaje.

Twendeni.